Wakimbizi kuuza mgao wa chakula: kabla hujasema "wameshiba" pita huku kwanza

Muha_wa_Makere (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu.

Kuna picha inazunguka, mtu kapiga genge moja Kasulu mjini, unga na mafuta ya kula vina nembo ya msaada vimepangwa vinauzwa, halafu kaandika "wakimbizi wanakula mpaka wanasaza, sisi tunalipa kodi". Watu kwenye komenti wanacheka, wengine wametukana kabisa. Mimi nimezaliwa huku huku Kasulu, kata ya Makere ilipo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kambi imefunguliwa mwishoni mwa 1996 wakati Wakongo wanavuka ziwa kukimbia vita ya Kivu Kusini, na kuna kipindi nilishika kibarua cha ugawaji chakula na shirika moja (silitaji). Kwa hiyo naomba niwaeleze hilo gunia linafikaje gengeni, mkimaliza mnitukane na mimi.

Kwanza mgao wenyewe ni nini. Ni unga wa mahindi, maharage au zile mbaazi za njano zilizopasuliwa, mafuta, chumvi, na uji ulioongezwa virutubisho. Basi. Ukipewa kamili inapigiwa hesabu kilokalori 2,100 kwa kichwa kwa siku. Sasa angalia nyumba yako hapo ulipo uniambie umetumia nini wiki hii ambacho hakipo kwenye hiyo orodha. Nyanya na kitunguu havipo, sabuni inakuja kwa msimu na haitoshi, kuni hakuna, daftari la mtoto hakuna, chupi hakuna, betri ya tochi hakuna, nauli hakuna, dawa ambayo zahanati imeishiwa hakuna, na ikija mahindi ya punje badala ya unga mwenye mashine ya kusaga naye anataka chake. Huyu mtu sheria yetu haimruhusu kutoka kambini bila kibali, ajira rasmi hana, shamba hana. Kitu pekee anachomiliki chenye bei ni ule unga. Sasa sabuni ataipata wapi kama sio kwa kuuza unga?

Halafu kuna jambo la Wakongo ambalo watu wa Dar hawalijui. Mtu wa Fizi au Uvira kule Kongo ugali wake ni muhogo, huo unga wa mahindi anakula kwa sababu hana jinsi. Akipata mgao anatoa sehemu anabadilisha na unga wa muhogo kwa Waha, yaani sisi wenyeji, na huo muhogo ndio sisi tunalima. Wewe unaona mkimbizi anauza msaada, mimi naona mama yangu mdogo kauza muhogo.

Sasa hapa ndio penye maumivu. Siku ya mgao watu wote wanapokea kwa pamoja, na watu wote wana madeni kwa pamoja, kwa hiyo wote wanauza siku hiyo hiyo. Bei inaanguka mnoo. Mfanyabiashara anajua kabisa, anakuja na baiskeli zake na magunia matupu anasubiri pembeni, ananunua kwa bei ya kutupa. Wiki ya tatu chakula kimeisha nyumbani, yule yule mama anaenda kununua unga kwa bei iliyopanda, au anakopa kwa kuacha kadi ya mgao rehani, mwezi unaofuata mgao unatoka anapokea aliyemkopesha. Kwa hiyo ule mzigo mliouona gengeni faida yake haiko kambini, iko kwa mtu aliyekuwa na mtaji siku ya mgao, na mara nyingi huyo ni Mtanzania mwenzetu.

Na kitu kilichonifungua macho ni hiki. 2023 mgao ulishushwa mpaka nusu kwa sababu wafadhili wamekauka. Mtu angetegemea kuuza kukome si ndio? Hakukukoma. Chakula kimepungua ila sabuni haijapungua bei, daftari halijapungua, kwa hiyo watu wanauza kwenye nusu iliyobaki wanalala na uji. Mtu aliyeshiba akipunguziwa anaacha kuuza. Huyu kapunguziwa na bado anauza, hiyo inakwambia kuna shida kwake inayouma kuliko njaa ya leo.

Dawa yake ilishajaribiwa hapa hapa. Mwishoni mwa 2016 WFP, shirika la chakula la UN, walianza kuwapa baadhi ya watu wa Nyarugusu hela taslimu badala ya chakula, ununue mwenyewe unachotaka. Pale sokoni palichangamka aisee, Waha walikuwa wanaleta mawese, dagaa, ndizi, muhogo, kila mtu anauza. 2017 serikali ikasimamisha. Tukarudi kwenye magunia na wachuuzi wa baiskeli.

Karibuni.

---

Ngosha_Mkavu

Mkuu maelezo marefu ila umekwepa swali. Babu yangu Sengerema ana miaka themanini hapewi unga na mtu, hapewi sabuni, akiumwa tunachanga ukoo mzima. Kwann mgeni apewe halafu auze? Na hizo hela taslimu ndio kabisaaa, kesho mtu ananunua silaha anarudi kupigana kwao au anabaki anatupora sisi. Serikali ilifanya sahihi kufuta.

---

Muha_wa_Makere

Ngosha nakuelewa kuhusu babu, ila kuna tofauti moja kubwa. Babu yako ana shamba, na akitaka kuja Mwanza kutibiwa anapanda hiace anakuja, hakuna askari wa kumuuliza kibali. Huyu wa kambini tumemwambia usilime nje, usifanye kazi nje, usivuke kilomita nne. Ukishamfunga mtu mikono ndio inabidi umlishe. Mfungue mikono uone kama atataka huo unga wako.

Kuhusu silaha, hela ya mgao ni ya kula mwezi, watu wanasahau hilo. Anayetaka kununua bunduki hasubiri hela ya unga.

Na kodi yako haipo pale mkuu, chakula kinalipwa na wafadhili wa nje. Tena WFP wananunua mahindi mengi tu hapa hapa nchini, mengine kutoka NFRA, wakala wa serikali wa akiba ya chakula, kwa hiyo kuna mkulima wa Rukwa au Songea analipwa kwa sababu ya huyo mkimbizi.

---

kibondo_kwetu

Mimi niseme upande wa wenyeji maana kila siku tunaonekana wabaya. Niko karibu na Nduta, kambi ya Warundi. Misitu imekwisha, hilo halina ubishi, mama wa kambini anatembea tangu alfajiri kutafuta kuni na anaingia kwenye mashamba ya watu, wanagombana, na wengine wanabakwa huko porini, hilo watu wanalificha ila kila mtu huku analijua. Wanapewa chakula kibichi bila cha kupikia. Maharage yanachemka masaa matatu kuni zinatoka wapi? Mtu aliyepanga hivyo sijui kwake alikuwa anapika kwa kutumia nini.

Ila na hii niiseme, soko la pamoja lilipofungwa na sisi tuliumia. Lilikuwa linatusaidia jamani. Warundi tunaelewana, Kiha na Kirundi mtu anaongea chake na mwingine chake na biashara inaenda. Nilikuwa nauza vitenge na sukari. Miaka ile ya 2018, 2019 wakafunga masoko, wakasema usalama, basi tukabaki tunauziana kwa njia za panya usiku, polisi wakikukamata mzigo umeenda. Usalama gani huo, kitu kilichokuwa kinafanyika mchana mbele ya kila mtu sasa kinafanyika gizani.

---

Turkwel_Boy

Sasa wasee wa TZ, niko Kenya, karibu na kambi ya Kakuma, upande wa Turkana. Hiyo story ni ile ile tu, majina tofauti.

Kwetu walileta Bamba Chakula 2015, unapewa laini ya simu, kila mwezi pesa ya chakula inaingia lakini si cash, unaenda kwa duka iliyoandikishwa unachukua bidhaa. Kitu kizuri, maduka zikafunguka mob, Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Waturkana pia. Kuna ripoti ilitoka 2018 ya IFC, ile ya Benki ya Dunia ya biashara, ikisema hii Kakuma ni soko ya kama shilingi bilioni sita za Kenya kwa mwaka. Watu Nairobi walishangaa ati kuna pesa jangwani.

Lakini deni haikuisha. Mwenye duka anakukopesha vitu kabla pesa iingie, anashika laini yako, pesa ikiingia ni yake. Na kwa sababu hiyo pesa ilikuwa ya chakula pekee, ukitaka kulipia mtoto uniform unachukua mchele kwa duka kisha unauza huo mchele kwa hasara. Yaani ile ile ya kwenu, tofauti ni kwamba sasa ni digital. Baadaye Kalobeyei, makazi ya wakimbizi hapo jirani, wakapewa Bamba Chapaa, hiyo ni cash kamili unatoa unafanya nayo unachotaka, na hapo angalau mtu akaacha kuuza mchele.

Lakini cash bila pesa ya kutosha ni bure. 2025 Marekani walipokata misaada, na wao ndio donor mkubwa wa WFP, rasheni ikaenda chini vibaya sana, halafu wakagawanya wakimbizi kwa categories nne. Category ya nne hupati kitu kabisa, wamesema unaweza kujitegemea. Nani aliamua huyu anajitegemea? Mtu alikuwa na kibanda cha kuuza chai, na wateja wake ni watu wa category ya tatu ambao pia wamekatwa. Kulikuwa na maandamano.

Na wenyeji Waturkana pia wako na njaa yao, ukame ukipiga mbuzi zinaisha. Sisi tuliwahi kuuza kuni na makaa kwa wakimbizi, wanatulipa na mahindi ya rasheni. Mahindi ya msaada imelisha Waturkana wengi ambao hawajawahi kuandikishwa popote. So ukiona mkimbizi anauza rasheni hapa, uliza pia nani ananunua na kwa nini.

---

Muha_wa_Makere

Turkwel hapo kwa wanaonunua umenimaliza. Huku pia kuna kaya za Waha zinakula unga wa kambini mwezi wa kwanza na wa pili wakati ghala zetu ziko tupu, na bei yake ni rahisi kuliko dukani. Sasa huyo aliyepiga picha gengeni sijui anataka tufanyeje.

---

Mama_Zawadi

Bandugu wapenzi, mimi ni Mukongo, Mubembe wa Fizi, niliishi Nyarugusu tangu niko mutoto mpaka niliolewa mule mule na nikazaa mule, saa hii tuko Marekani. Huyu mwenye kuleta habari anasema kweli.

Mama yangu alikuwa anauza mafuta. Mafuta ndiyo ilikuwa inauzika mbio kuliko unga. Alikuwa anauza anapata franga za kununua sombe (majani ya muhogo) na samaki kidogo, na sabuni, na sisi binti tukianza kukua kuna vitu binti anahitaji kila mwezi, munaelewa. Baba alikuwa anakasirika anasema unauzaje mafuta tunakula kavu, mama anamwambia basi wewe uende ukamwambie mutoto wako abaki nyumbani asiende masomo hiyo siku tano. Baba ananyamaza.

Watu wanasema wakimbizi wavivu. Mule kambini kuna mafundi cherehani, kuna wenye kutengeneza radio, wanaume wanatoka kwa siri kwenda kulimia wenyeji, wanalipwa kidogo saaana na wengine hawalipwi, mwenye shamba anamwambia ukisumbua nitaita polisi, na utasemea wapi na wewe umetoka bila kibali?

Sasa hivi mimi natumia ndugu zangu waliobaki. Natuma kwa namba ya Mtanzania mmoja wanaoaminiana naye, anatoa anakata chake anawapelekea. Na huku nako usifikiri ni mbinguni, tiketi ya ndege iliyotuleta ni mkopo, tulirudisha kidogo kidogo kila mwezi. Dada yangu alikuwa amemaliza maojiano yote na vipimo, 2025 Januari Marekani wakafunga mupango wote wa kupokea wakimbizi. Alikuwa ameshagawa vyombo vyake. Sasa anaanza upya kununua masufuria, na anunue na nini? Na mafuta ya mugawo.

---

Ngosha_Mkavu

Mama Zawadi pole dada yangu. Hilo la shule sikuwa nalifikiria. Ila bado nauliza, hii kitu inaisha lini? Kambi tangu 1996, mtoto kazaliwa humo kakua kaolewa humo. Msaada wa miaka thelathini ni msaada au ni nini?

---

Mwl_Mstaafu_Urambo

Ngosha swali lako ndilo swali. Vijana wengi hamjui kwamba nchi hii ilishalijibu mara moja.

Warundi waliokuja 1972 hawakuwekwa kwenye kambi kama hizi. Walipelekwa Ulyankulu hapa Tabora, na Katumba na Mishamo ambako sasa ni Katavi. Kila familia ilipewa ardhi, hadi hekta tano, jembe, mbegu, na chakula cha kuanzia mpaka wavune. Pori lilikuwa pori kweli, ndorobo na nyoka, watu waliteseka mwanzoni. Lakini walilima mahindi, maharage, tumbaku, wakauza kwenye vyama vya ushirika, wakalipa kodi. Ilipofika 1985 UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, wakaacha kuwahudumia kwa sababu walikuwa wanajilisha na kulisha wengine. Nimefundisha watoto wao, baadhi leo ni walimu wenzangu. Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, ile ya UNHCR, 1983 kwa mambo haya. Na 2014 wapatao 162,000 wakapewa uraia.

Nchi ilikuwa maskini kuliko sasa na miaka hiyo hiyo tukaingia vitani na Amin, lakini mgeni alipewa jembe. Siku hizi tuna lami mpaka vijijini na mgeni anapewa kilo za unga na amri ya kutotoka.

---

kibondo_kwetu

Shikamoo mwalimu. Ila kwa heshima, miaka ile ardhi ilikuwepo. Leo hapa Kibondo mimi na ndugu zangu tunagombania ekari mbili za marehemu baba. Ukisema mkimbizi apewe hekta tano nitakuuliza za nani. Halafu wale wa 1972 walikuja kwa mwendo wa kueleweka, ile ya Ngara 1994 Wanyarwanda robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo ndani ya siku moja, ungegawa jembe saa ngapi. Serikali iliogopa, na mimi simlaumu aliyeogopa siku ile.

---

Mwl_Mstaafu_Urambo

Marahaba. Hoja ya ardhi ni ya kweli, sibishi. Lakini ruhusa ya kufanya kazi na kuuza sokoni haihitaji hekta hata moja. Na wale wa Rusumo miaka hiyo walirudishwa mwishoni mwa 1996, hatukubaki nao, sasa woga wa mwaka ule tunauendeleza kwa mtu mwingine kabisa aliyekuja kwa sababu nyingine.

---

Muha_wa_Makere

Mwalimu asante. Niongeze hapo kwa kibondo. Waganda wanagawa viwanja, sio hekta, kiplot cha kujenga na kupanda mboga, na mkimbizi anatembea popote na kufanya kazi. Na wao wamekatiwa misaada vile vile, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale watu wanalia njaa, sitaki mtu aje aseme Uganda ni peponi. Lakini wa Nakivale akikatiwa mgao anaenda Mbarara kutafuta kibarua mchana kweupe. Wa Nyarugusu akikatiwa anaenda kwa siri kwenye shamba la mtu anayeweza kumdhulumu, kama alivyosema Mama Zawadi. Nusu ya mgao kwa mtu anayetembea na nusu ya mgao kwa mtu aliyefungiwa sio kitu kimoja.

Na hayo maharage ya Kigoma mnayonunua Kariakoo mkayasifia yanaiva haraka, mengi yamepaliliwa na Mrundi aliyelipwa nusu ya kibarua changu. Mimi mwenyewe nikilima nikimwajiri mwenyeji siwezi kushindana na jirani anayemtumia mtu wa kambini. Kwa hiyo hiyo amri ya kutotoka inaniumiza na mimi, inaniwekea mshindani asiyeweza kudai mshahara.

Kibondo ulichosema cha kuni ndio kila siku najiuliza. Mtu anapanga mgao ofisini anaandika maharage, hakuna aliyemuuliza yanaivishwa na nini. Ukiuza robo ya unga ununue mzigo wa kuni ili upike robo tatu zilizobaki, hiyo ndiyo biashara wanayofanya wale mliowaona. Wengine wanauza maharage yote kwa sababu hayana maana bila kuni, wanakula ugali na majani ya muhogo.

---

Chizi_Maarifa

Uzi mrefu sijasoma. Warudi kwao tu.

---

Turkwel_Boy

Chizi kwao wapi bro, Mama Zawadi anatoka Fizi, angalia Kivu iko aje saa hii. 2025 waasi wa M23 waliingia Goma Januari, na kulikuwa na makambi ya wakimbizi wa ndani pale nje ya mji, Bulengo, Lushagala na mengine, watu laki kadhaa. Wakaambiwa warudi vijijini kwao ndani ya masaa 72. Wakavunja hema wakaenda, wengine vijiji zao zilichomwa, hawakupata hata mahali pa kulala. Hiyo ndiyo "warudi kwao" ikifanywa haraka.

---

Dada_wa_Mbagala

Jamani nimesoma mwanzo mwisho. Mimi sina cha kuchangia kwenye siasa, nauliza tu, sisi wa kawaida tukitaka kusaidia tunafanyaje? Kanisani kwetu huwa tunakusanya nguo za mitumba, tungeweza kupeleka Nyarugusu?

---

Muha_wa_Makere

Dada asante kwa kuuliza. Huwezi kupakia gari ukaenda moja kwa moja, kuingia kambini ni kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, idara ya wakimbizi. Njia rahisi ni kupitia shirika ambalo tayari lina kazi mle ndani, Msalaba Mwekundu Tanzania kwa mfano, au muulize mchungaji wako kama dhehebu lenu lina huduma kule, makanisa mengi yapo.

Nguo sio mbaya ila zinafika nyingi na zisizofaa, makoti ya baridi ya Ulaya na viatu vya mguu mmoja. Kama mnachanga hela, nunueni taulo za kike, zile za kufua zinadumu zaidi, na sabuni ya mche. Chakula acheni.

---

Dada_wa_Mbagala

Za kufua si zinahitaji maji na sabuni na pa kuanikia? Huko maji yakoje?

---

Mama_Zawadi

Maji ni bomba la foleni, unaamka usiku unaweka dumu lako kwenye mustari. Za kufua ni nzuri lakini mutie na sabuni pamoja ndani ya mufuko mumoja, na chupi mbili, kwa sababu bila chupi hiyo taulo itashikia wapi. Na mutie kitambaa cheusi cha kufunika wakati wa kuanika, binti wanasikia haya kuanika inje. Ukipata watu wa kanisa muniandikie hapa nitawaambia na saizi.